Wezi wa Baiskeli: somo juu ya filamu ya maskini mjini Roma



Jioni moja ya kiangazi tuliwaonyesha watu wa kijiji chetu filamu ya Kitaliano. Tulitundika mashuka mawili meupe ukutani mwa shule, tukaiweka mashine juu ya meza ya darasa la tano, nami nikasimama kando nikiwaeleza watu maneno kwa Kiswahili. Wazee walikuja wakitumaini kucheka, maana walikumbuka Matamata na Pilipili, zile filamu za kuchekesha zilizotengenezwa na wamisionari huko Kasai katika miaka ya 1950, walipokuwa wangali watoto. Jioni ile hawakucheka sana. Filamu ilipokwisha na taa kuwashwa, mzee mmoja alisimama akaniuliza:

«Mwalimu, na baiskeli yake je? Aliipata?»

Nikamjibu: «Hapana, baba. Hakuipata.»

Mzee akaketi, akatikisa kichwa, akasema: «Basi habari haijaisha.»

Neno hilo nimelifikiri siku nyingi. Somo letu la leo lataka kumjibu mzee yule. Tutasema kwanza filamu hii ni ya namna gani, kisha tutasimulia habari yake, kisha tutajifunza namna ya kuitazama. Mwisho tutauliza swali ambalo filamu yenyewe yatuuliza: mwizi ni nani?

I. FILAMU YENYEWE

Kwa Kitaliano filamu hii yaitwa Ladri di biciclette, maana yake Wezi wa baiskeli, chombo kile ambacho wengi wetu huku Kongo twakiita kinga. Ilitengenezwa mjini Roma na bwana Vittorio De Sica, ikatoka mwaka 1948. Katika kuiandika alisaidiwa hasa na Cesare Zavattini, nao walianzia katika kitabu cha Luigi Bartolini. Picha zake ni nyeusi na nyeupe, na muda wake ni saa moja na nusu hivi.

Wengine wenu hamjapata kuona sinema. Jueni kwamba picha za filamu hazijongei. Kila moja imesimama kama picha iliyotundikwa ukutani, lakini mashine hupitisha picha 24 kila sekunde, na macho yetu huziunganisha hata tukadhani mtu anatembea. Katika saa moja na nusu hupita picha karibu 130,000. Aliyezipanga alichagua jambo la kutuonyesha na jambo la kutuficha. Kwa hiyo anayetazama filamu yampasa kujiuliza: Kwa nini ananionyesha hili?

De Sica hakutaka wachezaji wenye sifa kubwa. Baba wa habari hii alichezwa na Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwanda. Mtoto alichezwa na Enzo Staiola, mwenye umri wa miaka minane au tisa tu. Picha nyingi zilipigwa katika njia na masoko yenyewe ya Roma, kati ya watu. Hata hivyo tusikosee. Filamu hii si habari ya mambo yaliyotokea siku fulani kwa mtu fulani. Ni hadithi iliyotungwa, kama mfano ambao mwalimu huutoa ili kweli ionekane. Antonio Ricci, baba tutakayemwona, hakuwako. Lakini watu wenye shida kama yake walikuwako wengi sana, na Maggiorani mwenyewe alikuja kuwa mmoja wao: filamu ilipokwisha alirudi kiwandani, na baadaye akaachishwa kazi.

Mwaka 1950 filamu hii ilipewa tuzo ya heshima huko Hollywood, Marekani. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikano ilitoa orodha ya filamu 45 zinazostahili kutazamwa, na hii imo.

II. HABARI YA FILAMU

Wengi wetu twadhani kwamba Ulaya hakuna maskini. Lakini Italia iliingia vitani mwaka 1940, na vita ilipokwisha mwaka 1945, nyumba na viwanda vingi vilikuwa vimebomoka, bei zimepanda sana, na watu wengi mno hawakuwa na kazi. Huku kijijini mtu asiye na mshahara aweza kulima muhogo wake akala. Mtu wa mjini hana shamba. Hulipa nyumba, hununua mkate, hununua hata kuni. Asiye na kazi hali. Na asiye na chombo cha kazi hapati kazi. Lishikeni neno hili la mwisho, maana filamu yote imesimama juu yake.

Antonio Ricci ana mke, mtoto wa kiume aitwaye Bruno, na kitoto kichanga. Wanakaa Val Melaina, pembeni mwa jiji la Roma, na Maria mkewe huteka maji kwa ndoo bombani, kama mama zetu. Muda mrefu Ricci amekosa kazi. Siku moja, kati ya watu wengi wanaongoja, jina lake laitwa: amepata kazi ya kubandika matangazo katika kuta za jiji. Sharti ni moja tu, awe na baiskeli. Anayo, lakini ameiweka rehani ili watoto wale. Maria hasemi maneno mengi. Atoa mashuka ya kitanda, ayapeleka kuwekwa rehani, na kwa fedha ile waikomboa baiskeli.

Siku ya kwanza ya kazi, Ricci akiwa juu ya ngazi na gundi yake, kijana mmoja aichukua baiskeli akimbia nayo. Ricci amfuata, asimpate. Polisi waandika maneno yake, basi. Kesho yake ni Jumapili. Baba na mwana walitafuta jiji zima kwa miguu: soko la Piazza Vittorio, soko la Porta Portese, kanisa moja ambamo maskini hupewa supu, hata nyumba ya mwanamke apigaye ramli. Mwishowe Ricci amwona kijana yule, amshika katika mtaa wake. Lakini baiskeli haimo chumbani mwake, shahidi hakuna, na majirani wamlinda mwenzao. Kijana aanguka chini kwa kifafa. Ricci aondoka mikono mitupu huku akizomewa.

Alasiri wafika karibu na kiwanja kikubwa cha mpira. Baiskeli nyingi zimepangwa pale. Nyingine moja imeegemea ukuta mbele ya nyumba, peke yake, katika njia isiyo na watu. Ricci aitazama, aondoa macho, aitazama tena. Kisha ampa Bruno nauli ya tramu, amwambia atangulie nyumbani. Anapodhani mtoto ameondoka, aichukua baiskeli ile. Watu wapiga kelele, wamkimbiza, wamkamata. Bruno, aliyekosa tramu, aona yote. Aona watu wakimpiga babaye kofi na kumsukuma, akimbia kumshika nguo huku akilia, kisha aokota kofia ya baba iliyoanguka, aifuta vumbi. Mwenye baiskeli amtazama mtoto. Kisha awaambia watu wamwachie.

Baba na mwana waenda zao katikati ya umati. Baba alia. Mtoto amshika mkono. Hapo filamu yakoma.

III. NAMNA YA KUITAZAMA

Mtu aweza kuitazama filamu hii akasema, «Ni habari ya mtu aliyeibiwa baiskeli», kisha akalala. Huyo ametazama, lakini hakuona. Ninawapeni mambo manne ya kuangalia.

1. Tazameni vitu. Katika filamu hii vitu vyasema kuliko maneno. Tuliona Maria akitoa mashuka kitandani. Hatukusikia hotuba juu ya umaskini. Kisha tukaona mtumishi wa nyumba ya rehani akilichukua furushi lile, akapanda juu, juu zaidi, mpaka karibu na dari. Na kila tabaka limejaa mafurushi mengine ya mashuka. Mara moja twafahamu: kila furushi ni kitanda cha watu, na jiji zima limelala bila mashuka. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu jioni ile alitazama mashuka yetu yaliyotundikwa ukutani, akasema polepole, «Na haya yetu, yasije yakaenda huko.»

Inafaa mjue mwanzo wa nyumba hizi za rehani. Huko Italia katika karne ya 15, Wafransisko waliona jinsi maskini walivyoliwa na wakopeshaji wa riba kubwa. Wakaanzisha nyumba za kukopesha kwa rehani na kwa malipo madogo. Moja ya kwanza ilifunguliwa Perugia mwaka 1462. Zilianzishwa kwa huruma. Lakini hata huruma yaweza kushindwa pale ambapo mtu ameweka rehani chombo kile kile ambacho kingemlisha. Wazee wa Israeli walilijua hilo. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati chakataza kuchukua jiwe la kusagia la mtu kuwa rehani, kwa sababu ni sawa na kuchukua uhai wake. Baiskeli ya Ricci ndiyo jiwe lake la kusagia. Na jembe la jirani yako, na cherehani ya mjane, na wavu wa mvuvi, ni vivyo hivyo.

2. Angalieni jinsi watu wanavyomjibu mwenye shida. Mtu wa magazeti apita kituoni pa polisi, auliza kama kuna habari. Polisi ajibu kwamba hakuna kitu, ni baiskeli tu. Neno «tu» ni dogo, lakini kwa Ricci limefunga mlango. Kwa mkubwa ni baiskeli tu. Kwake ni mkate, ni kodi, ni heshima yake mbele ya mkewe.

Tazameni pia kanisani. Mabwana na mabibi wenye nguo nzuri wamekuja kuwasaidia maskini. Wengine wananyoa ndevu zao, wengine wanawapanga, na baada ya sala watagawa supu. Kazi hii ni njema, nasi tusiicheke. Lakini Ricci aingia na uchungu wake, anong'ona na mzee aliyemwona pamoja na yule mwizi, na wale wasaidizi wamwambia anyamaze tu. Hakuna hata mmoja amwulizaye, «Ndugu, una nini?» Filamu haimtukani mtu wala Kanisa. Yatuonyesha tu kwamba mtu aweza kugawa supu pasipo kumwona anayeinywa. Sisi tunaosaidia katika misioni tuangalie picha hiyo mara mbili.

Kisha kuna mwanamke wa ramli. Mwanzoni Maria ampelekea fedha kidogo, kwa kuwa alimtabiria kwamba mumewe atapata kazi. Ricci amcheka mkewe. Lakini siku ya Jumapili, alipokata tamaa, ni yeye mwenyewe anayepanda ngazi za nyumba ile na kutoa fedha. Na jibu gani alipewa? Kwamba ataipata baiskeli sasa hivi, au hataipata kabisa. Jibu kama hilo hata mtoto aweza kulitoa, nalo halikosi kamwe kutimia! Ninyi mliokwisha kufundishwa amri ya kwanza, msiishie kumcheka Ricci. Jiulizeni ni lini mtu huenda kwa mfumu: ni siku ile ambayo ndugu zake wote wamemwambia, «Ni baiskeli tu.»

Tena tusisahau kwamba mmoja hakumwacha. Rafiki yake Baiocco, mtu wa kuzoa takataka, aliamka alfajiri na wenzake ili watafute pamoja naye sokoni. Hawakuipata. Lakini walikwenda.

3. Mtazameni mtoto. Bruno ni mdogo, naye amekwisha kuwa mtu mzima. Hufanya kazi katika kituo cha petroli. Asubuhi ile ya kwanza asafisha baiskeli, aona imebonyea mahali, akasirika kwamba baba hakuwashitaki watu wa rehani. Kabla ya kutoka nyumbani afunga dirisha taratibu ili mwanga usimsumbue mdogo wake. Kisha siku nzima ya Jumapili akimbia nyuma ya baba. Katika mvua aanguka, na baba haoni. Njiani nusura agongwe na magari, na baba haoni. Baba anatafuta baiskeli kwa ajili ya mtoto, na kwa kutafuta amesahau kwamba mtoto yuko naye.

Halafu mzee wa kanisani anawaponyoka, Bruno amlaumu baba, na baba ampiga kofi. Baada ya kitambo baba asikia kelele mtoni: mtoto anazama! Akimbia akiita jina la Bruno. Si Bruno, ni mwingine, naye aokolewa. Ricci amwona mwanawe ameketi salama juu ya ngazi, na kwa dakika chache asahau baiskeli. Ampeleka kula katika hoteli, waagiza mkate wenye jibini na divai. Karibu nao kuna mtoto wa matajiri aliyepangiwa sahani nyingi, naye Bruno amtazama huku akivuta jibini yake kwa meno. Furaha yao ni ya kweli, lakini ni fupi, maana baba arudia kuhesabu mshahara alioupoteza. Watu wa kijiji chetu walicheka hapo, mara moja ile tu. Naona ni kwa sababu kila baba alimtambua mwanawe.

4. Utazameni umati. Mwanzoni twaona umati wa watu wasio na kazi, na mmoja wao aitwa. Sokoni twaona umati wa wauzaji na vipande vya baiskeli: magurudumu, pampu, kengele. Katika mtaa wa mwizi twaona umati uliomzunguka Ricci na kumtisha. Mwishoni twaona umati uliomkamata Ricci na kumwita mwizi. Kisha baba na mwana waingia kati ya watu waendao makwao, hata hatuwaoni tena. Mtengenezaji alitaka tufikiri hivi: tangu mwanzo aliweza kumfuata mtu mwingine yeyote kati ya wale, naye angekuwa na habari yake. Umati hauna uso, lakini kila mtu aliyemo ana wake.

IV. MWIZI NI NANI?

Sasa lirudieni jina la filamu. Halisemi «Mwizi wa baiskeli». Lasema «Wezi». Nilipoanza kuitazama nilidhani ni yule kijana na wenzake waliomsaidia kutoroka. Mwishoni nilifahamu kwamba Ricci naye yumo ndani ya jina lile. Kwanza aliibiwa, kisha aliiba. Ni mtu yule yule, mwenye kofia ile ile.

Mkatekumeni mmoja aliniuliza swali zuri: «Mwalimu, je, Ricci alitenda dhambi? Alikuwa na njaa.» Tujibu kwa uangalifu. Amri ya saba yakataza kuiba. Walimu wa Kanisa, kama Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliyefariki mwaka 1274, walifundisha pia kwamba mtu aliye katika hatari kubwa na ya wazi, asiye na njia nyingine ya kuponea, akichukua chakula cha kumponyesha si mwizi. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yafundisha hivyo. Sababu yake ni kwamba Mungu aliumba vitu vya dunia kwa ajili ya watu wote.

Lakini Ricci hakuchukua mkate siku ya kufa njaa. Alichukua baiskeli ya mtu, na pengine mtu yule naye alikuwa na mke, na kitanda, na mashuka. Uovu aliotendewa aliuhamisha kwa mwingine. Kwa hiyo alikosa, naye alijua kwamba anakosa. Msifikiri kwamba alimwondoa mtoto kwa huruma tu. Alimwondoa kwa sababu hakutaka macho yale yamwone.

Hata hivyo kosa la Ricci si kosa la Ricci peke yake. Wengi walikuwa na sehemu ndani yake: aliyemwibia, aliyesema «ni baiskeli tu», mwenye kazi aliyesema asiye na chombo asije, na sisi tulioketi mbele ya ukuta wa shule. Maana nitawaambieni jambo nililoliona. Kijana wa kwanza alipoiba, watu wa kijiji chetu walipiga kelele: «Mshikeni! Mpigeni!» Ricci alipoiba, hakuna aliyepiga kelele. Wengine walifunika nyuso zao. Wizi ni ule ule. Tofauti ni moja: Ricci tulikuwa tumetembea naye siku nzima, tukaiona nyumba yake, mkewe, mwanawe. Kijana wa kwanza hatukutembea naye. Tuliingia chumbani mwake kwa dakika chache tu, tukaona jinsi alivyo maskini naye, na mama yake akimtetea, kisha tukatoka. Kama De Sica angalianza habari yake katika chumba kile, labda tungalimlilia yule, na Ricci tungalimzomea.

Nami yanipasa kuungama jambo langu. Miaka michache kabla ya jioni ile, kelele zilipigwa sokoni: «Mwizi! Mwizi!» Kijana alikuwa ameshikwa na baiskeli isiyo yake. Nilikimbia pamoja na wengine. Sikuuliza neno. Nilipenya kati ya watu, nikanyanyua mkono, nikampiga kofi, mimi niliyekuwa nimefundisha amri za Mungu asubuhi ile ile. Kesho yake niliambiwa jina lake. Alikuwa ameketi katika darasa langu mwaka mzima, safu ya tatu, karibu na dirisha. Nilikuwa nimempiga bila kumtazama uso. Aliiba kweli, na baiskeli ilirudishwa kwa mwenyewe, ndiyo haki. Lakini kofi langu halikuwa haki. Nilikwenda kwao kuomba radhi, nikaambiwa amekwisha kuondoka kwenda mjini, na sijamwona tena mpaka leo.

Ndiyo sababu, filamu ilipofika pale ambapo mwenye baiskeli amtazama Bruno kisha awaambia watu wamwachie babaye, sauti yangu ilikwama, na watu walidhani nimesahau Kitaliano. Mtu yule hakusema kwamba kuiba ni kwema. Alichukua kilicho chake, na maneno ya aibu yalisemwa juu ya baba anayemfundisha mwanawe kuiba. Lakini kabla ya kuhukumu alitazama. Aliona mtoto aliyeshika kofia. Yatosha. Na sisi tunaongoja kuitwa Wakristu tukumbuke kwamba Bwana wetu Yezu Kristu alisulibiwa kati ya wezi wawili, na kwamba mmoja wao alimgeukia, naye akamsikiliza.

V. JIBU KWA MZEE

Sasa naweza kumjibu mzee wetu. Baba, ulisema kweli: habari haijaisha. Kama baiskeli ingalipatikana, tungalifurahi, tungaliwasha taa, tungalikwenda kulala, na shida ya Ricci ingalikuwa imetulizwa na mtengenezaji wa filamu badala yetu. Lakini baiskeli haikupatikana. Jumatatu inakuja, na kazini watamtaka aje na baiskeli. Maria anangoja. Kitanda hakina mashuka. Filamu imewaacha watu hao mikononi mwa watazamaji.

Hatuwezi kumsaidia Ricci wa Roma, maana ni mtu wa hadithi. Lakini kila kijiji kina watu ambao chombo chao cha kazi kimevunjika, kimeibiwa au kimewekwa rehani. Kila kijiji kina vijana waliokwenda Lubumbashi, Bukavu au Kisangani, ambao huko hawana shamba wala ndugu, na jina lao siku moja laweza kuwa «mwizi» mdomoni mwa umati usiowajua. Tuwaandikie barua, tuwapelekee unga. Tuazimane jembe kabla njaa haijaingia. Na kelele zikipigwa sokoni, awepo mmoja kati yetu asimamaye mbele na kusema: «Ngojeni. Tumtazame uso kwanza. Mpelekeni kwa wenye sheria, asipigwe.» Mtu huyo ataogopa, maana umati una nguvu. Na afanye hivyo hata akiogopa.

MAULIZO

1. Kwa nini Ricci alihitaji baiskeli, na Maria alifanya nini ili ikombolewe?
2. Mafurushi yaliyojaa katika nyumba ya rehani yatufundisha nini juu ya jiji la Roma wakati ule?
3. Taja watu watatu waliomjibu Ricci siku ya shida yake. Yupi alimwona kweli, na yupi hakumwona?
4. Kwa nini Ricci alimwambia Bruno atangulie nyumbani?
5. Kwa nini jina la filamu ni «Wezi» wala si «Mwizi»?
6. Mwenye baiskeli alitenda haki, alitenda huruma, au vyote viwili? Eleza.
7. Katika kijiji chako, ni chombo gani ambacho mtu akikipoteza, jamaa yake watalala njaa? Nani kati yenu amekosa chombo hicho leo?

Swali la saba msilijibu kwa maneno tu. Mwalimu wenu na awape juma moja.